Tovuti Iliyomzika Mjomba

Ukifika Korogwe mjini ukamuulizia Isihaka wa steshenari, watakuuliza kwanza, "Isihaka yupi? Yule aliyemzika mjomba wake mzima mzima?" Usishtuke. Ndiye huyohuyo. Ni kijana mpole, anasalimia watu, hana ugomvi na mtu, na kabla ya jambo hili alikuwa anatembea kifua mbele. Siku hizi akipita stendi anainamisha kichwa, anajifanya anasoma simu. Nitakueleza ilivyokuwa, maana kila mtu anaisimulia kwa kuitia chumvi, na wala haihitaji chumvi. Hivyo ilivyo tu inatosha kumtia mtu aibu ya maisha.

Isihaka ni mzaliwa wa Kwamsisi, kule Handeni. Alipomaliza kidato cha nne matokeo hayakumkalia vizuri, akaja Korogwe kufanya kazi kwa Serafina, mama mmoja wa Kisambaa mwenye steshenari karibu na stendi. Anachapa barua, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, na zaidi ya yote anatengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Hapo pa ratiba za mazishi tuelewane. Kila wiki familia zinateremka kutoka milimani na picha ya marehemu wao, Isihaka anaigeuza iwe nyeusi na nyeupe, anaandika chini yake mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, anachapa. Waislamu nao siku hizi wanataka picha ya namna hiyohiyo, waitume kwenye simu. Mikono yake imepitisha marehemu wengi mno. Na mtu huyo ndiye aliyefanya alichofanya, halafu anasema hakujua!

Mjomba wake ni Mzee Mhina, kaka wa tumbo moja na mama yake. Sasa kwetu Uziguani mjomba si mtu wa kuchezea. Ndiye mwenye neno kwenye posa yako, ndiye mwenye neno kwenye ugomvi wako. Na huyu alikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu ndiye aliyemlea Isihaka na kumsomesha, akamlisha sahani moja na watoto wake wawili, Sabiri na Fatu. Fatu ameolewa Magoma. Sabiri yuko Dar es Salaam, na huyo Sabiri ndiye kidonda cha mzee. Kijana alikwenda kutafuta maisha, akayapata, akawa haonekani. Hakugombana na mtu. Aliacha tu kuja. Idd hii anasema anakuja, Idd ile amebanwa na kazi, simu anapokea akipenda. Mzee halalamiki mbele za watu, lakini pikipiki yoyote ikipunguza mwendo pale nje, yeye anageuza shingo.

Mzee Mhina ndiye mwasisi wa kikundi cha wafuga nyuki pale kijijini. Asali yao ni nzuri, ila soko lilikuwa la kubahatisha, mpaka mnunuzi mmoja wa mjini akawaambia kwamba watu siku hizi wanatafutana mtandaoni, asiye na tovuti ni kama hayupo. Wakaitisha kikao. Isihaka alikuwa amekwenda kusalimia, akaitwa akae mbele. Wakamuuliza: wewe unayeshinda na kompyuta, tovuti unaiweza?

Hapo mtu mwenye akili zake angesema, "Sijawahi, lakini nitajaribu." Tena angeheshimika. Isihaka akavuta kola ya shati, akasema, "Tovuti? Mbona kazi ya mchana mmoja hiyo!" Alikuwa hajatengeneza tovuti tangu azaliwe. Hata ya kuigiza. Lakini wazee wanakutazama, kina mama wamenyamaza wanakusikiliza, ulimi ukishateleza hapo nani ataurudisha?

Mzee Mhina aliuliza swali moja tu. "Hiyo tovuti, mtu akiwa Dar ataiona?"

"Ataiona, mjomba. Dunia nzima itakuona."

"Dunia sina shida nayo," mzee akasema. "Mimi nakuuliza habari za Sabiri."

"Sabiri ndiye atakayekuwa wa kwanza. Akikuona pale, hamu ya nyumbani itamshika, atakuja mwenyewe bila kuitwa. Niamini mjomba."

Mzee akainuka, akaenda zake. Lakini kesho yake asubuhi alikuwa ameshavaa kanzu, koti na kofia ya kutokea, amekaa nje anasubiri kupigwa picha.

Picha yenyewe ilikuwa kazi. Isihaka alitaka mzee asimame karibu na mizinga, atabasamu, wateja wapendezwe. Mzee alikataa katakata kutabasamu. Kwake picha ni jambo la heshima, unakaza uso, unamtazama anayekupiga kama vile anakudai maelezo. Bi Rukaya, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni anamtania. "Cheka basi kidogo, mume wangu."

"Nimcheke nani? Nyuki?"

Basi ikapigwa hivyohivyo, mzee amekaza uso, kanzu nyeupe, kofia imenyooka. Kusema kweli alipendeza.

Isihaka akarudi Korogwe na picha yake, na mchana mmoja ukageuka wiki, wiki zikafuatana. Kwanza nywila ilimkatalia. Alipoingia, akakuta anatakiwa kuchagua kiolezo, yaani ukurasa uliokwisha pangwa ambao wewe unajaza tu picha na maneno yako. Akachagua kimoja kizuri kwelikweli, ila kilikuja na picha za mgahawa wa Kizungu na maneno ambayo si Kiswahili, si Kiingereza, si Kiarabu. Akihangaika kuyafuta haya, yanahama yale. Akiweka picha ya asali, inajitanua mpaka inafunika jina la kikundi. Serafina akawa anamchungulia begani.

"Isihaka mwanangu, hii si ile kazi ya mchana mmoja?"

"Naimalizia, mama."

"Unaimalizia tangu mahindi hayajapandwa."

Alitamani kumuuliza mtu. Alimjua jamaa mmoja pale mjini anayetengeneza tovuti kwa riziki yake, na wala si mtu wa maringo. Lakini ukimuuliza utakuwa umekiri kwamba hujui, na yeye alishasema anajua. Akajifungia na ujinga wake.

Mwisho kikabaki kipande kimoja, ukurasa wa viongozi. Hapo kiolezo kilikuwa na picha ya mtu, chini yake jina, na chini ya jina visanduku viwili vya miaka, kimoja kushoto na kimoja kulia, katikati kistari. Isihaka akaweka picha ya mjomba. Ikatokea nyeusi na nyeupe. Akashangaa, akapeleka kipanya cha kompyuta juu yake, na papo hapo rangi zikarudi zote, koti la kahawia, ukijani wa miti nyuma. Akiondoa kipanya, rangi zinaondoka, akikirudisha, zinarudi. Alifurahi mno, akamwita Serafina aje aone. Sasa miaka. Kushoto akaandika mwaka aliozaliwa mzee. Kulia alitaka paachwe wazi, lakini kisanduku kikagoma kubaki kitupu, kikawa kinawaka wekundu. Basi akaandika mwaka huu tulio nao, akijiambia kwamba mzee si yupo mpaka mwaka huu? Na chini kabisa akaandika kwa mapenzi yake yote: "Mwasisi wetu mpendwa."

Hakuifungua kwenye simu hata mara moja. Na simu, kama unavyojua, haina kipanya.

Ijumaa asubuhi akaituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Kwamsisi, wale walioko kijijini na walioko nje. Hakuandika neno. Alitaka waifungue wenyewe wapigwe na butwaa. Kisha akaiacha simu kwenye chaji pale steshenari, akaenda kuoga, akavaa kanzu, akaelekea msikitini, moyo wake mweupe.

Aliporudi, simu ilikuwa imejaa. Akaishika akitegemea pongezi. Akakuta Innalillahi. Innalillahi, Innalillahi, emoji za mikono ya dua, sauti za watu wanalia. Akapandisha juu kwa haraka, akasoma: Mzee Mhina ametutoka. Mzee Mhina wetu. Jamani ilikuwaje? Akapiga simu ya mjomba, haipatikani. Akapiga ya Bi Rukaya, inatumika, inatumika tena. Akakaa sakafuni katikati ya makaratasi.

Na sasa sikiliza jambo ambalo mpaka leo likimjia akiwa anakula, anaweka tonge chini. Yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, akaandika kwenye lile kundi: "Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Mjomba wangu, baba yangu. Pigo kubwa. Niko njiani nakuja." Kulikuwa na wawili watatu waliokuwa wanauliza kama habari ni za kweli. Walipoona Isihaka ameandika, wakanyamaza. Mpwa mtu amethibitisha, unauliza nini tena? Yaani alianzisha uzushi, akauamini, halafu akauwekea muhuri!

Serafina alimkumbatia, akamwambia aende. Isihaka akapita dukani akanunua sanda, pamba na marashi, kwa sababu alijua kule kijijini vitatafutwa kwa shida, na alitaka mjomba wake astiriwe na kitu kilichotoka mkononi mwake. Stendi akamkuta Fatu, binti wa mzee, ameshuka kwenye pikipiki kutoka Magoma, kanga moja begani, viatu vya ndani miguuni. Alikuwa ameona kwenye kundi. Akamwangukia Isihaka kifuani.

"Afadhali wewe umetuambia," Fatu akasema akilia. "Ningekuja kusikia kwa nani mie?"

Isihaka akampigia Sabiri. Huko Dar kulikuwa na sauti za watu wanaongea kwa raha zao. Akamweleza. Sabiri akasema Innalillahi.

"Mnazika leo?"

"Leo au kesho asubuhi. Tunakungoja wewe, kaka."

"Msiningoje. Zikeni tu. Hapa kazi imenikaba, Isihaka, huwezi kuelewa. Nitajitahidi kwenye arobaini."

"Kaka, ni baba."

"Nimekuambia nitajitahidi."

Fatu alikuwa amesimama pembeni, alisikia. Akatangulia kupanda basi, akakaa dirishani. Ndipo akasema, "Mshukuru Mungu baba hatalijua hili," akajifunika kanga usoni. Isihaka alimchukia Sabiri siku ile kwa moyo wake wote. Alijiona yeye ndiye mtoto.

Walishuka Mkata, wakapanda pikipiki mbili mpaka Kwamsisi, wakafika alasiri. Watu walikuwa wamejaa uani na njiani, lakini pako kimya. Hicho kimya kilimshangaza Isihaka, maana msiba wa mtu mkubwa namna ile hauwi kimya. Watu wakamtazama, wakapisha njia. Fatu akatangulia akipiga ukelele, "Baba yangu! Baba yangu weee!" na kule mbele, kwenye kiti chake cha kamba, Mzee Mhina alikuwa amekaa anakunywa maji.

Fatu alianguka palepale, wanawake wakamdaka. Isihaka akabaki amesimama, kifurushi kwapani, mdomo wazi.

"Huamkii?" mzee akamuuliza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umebeba nini hapo?"

Isihaka akakibana kifurushi zaidi.

"Nakuuliza wewe. Umebeba nini?"

"Sanda, mjomba."

Kuna aliyetaka kucheka akajizuia, akakohoa. Mzee akanyoosha mkono, akapewa kifurushi, akakifungua, akaipapasa ile bafta nyeupe ya sanda kwa vidole. "Ya nani?" akauliza, na alikuwa anajua.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Mzee alikuwa ameondoka tangu alfajiri kwenda msituni kwenye mizinga, huko simu haishiki. Nyuma yake picha ikaingia kwenye simu za watu. Jirani mmoja akakimbilia kwa Bi Rukaya analia, na Bi Rukaya, akijua mumewe yuko juu ya miti peke yake, akaona moja kwa moja kwamba ameanguka. Wanaume wakachukua jeneza la msikiti wakaingia msituni kumtafuta maiti. Wanawake wakamkalisha Bi Rukaya chumbani, wakamvua hereni na bangili, wakaanza kumweleza habari za eda. Alasiri hiyo, muda mfupi tu kabla Isihaka hajafika, mzee akarudi kwa njia nyingine, akakuta kwake kumejaa watu, akauliza nani amefariki. Wengine walikimbia.

Kijana mmoja akamsogezea Isihaka simu. "Si wewe uliyetuma hii?"

Akaitazama. Mjomba wake alikuwa mle, mweusi na mweupe, uso umekazwa, mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka huu. Mwasisi wetu mpendwa. Hapakuwa na kitu cha kubishana. Ilikuwa ni picha ileile anayowatengenezea wafiwa kila wiki ya Mungu, tena imetengenezwa vizuri. Masikio yakamwaka moto. Alitaka kueleza habari za kipanya, kwamba ukikipeleka juu rangi zinarudi, akaanza hata kuonyesha kwa mkono hewani, akaona nyuso za wale watu, akauteremsha mkono. Alitamani ardhi ipasuke immeze, sanda alikuwa nayo tayari.

Akaingia ndani kumwomba radhi Bi Rukaya. Alikuwa bado amekaa palepale kwenye mkeka walipomkalisha, masikio matupu, macho yamevimba. Isihaka akapiga magoti. Bi Rukaya hakumfokea. Afadhali angemfokea.

"Isihaka mwanangu," akasema, "mimi leo nimekuwa mjane tangu asubuhi mpaka alasiri. Unajua nilichokuwa nawaza? Nilikuwa nawaza kwamba jana nilimnyima chai ya pili."

Isihaka akaficha uso kwa viganja. Akalia, na kule kulia nako kukamtia aibu, maana waliostahili kulia walikuwa wengine.

Waliosafiri kutoka mbali wakapikiwa, ikasomwa dua ya shukrani, watu wakatawanyika. Isihaka akaifuta tovuti yote kwa simu yake, asali, mizinga, kila kitu, amekaa kwenye gogo pale Mkata akingoja gari. Akampigia Sabiri pia, akamwambia ni makosa, baba ni mzima.

"Alhamdulillahi," Sabiri akasema. "Haya. Msalimie." Akakata.

Kwamsisi wakampa jina: Ziraili, malaika mtoa roho. Akipita, mtu anaficha simu kifuani, "Ziraili huyo, asije akanipiga picha." Wale wa kikundi walikuwa wapole zaidi, na upole wao ulimuuma kuliko utani, walisema basi, watatafuta mtu anayejua. Korogwe nako habari zilifika kabla yake. Wateja waliokuja kupiga picha ya pasipoti wakawa wanamwambia, "Nipige, lakini nikiwa hai." Serafina akicheka naye anacheka, kisha anakwenda chooni kukaa tu. Ratiba za mazishi hakuweza kuzitengeneza tena. Kila akiandika kile kistari baina ya miaka miwili, mkono unasita. Hata kwenda kuwasalimia wazee wake akaogopa. Ijumaa zikapita, anajisingizia kazi nyingi. Siku moja akajisikia mwenyewe anamwambia mama yake kwenye simu kwamba kazi imemkaba, akashtuka kwa kuwa alilijua lile neno lilitoka kwa nani.

Ndipo Mzee Mhina alipomwita. Alimwambia Fatu amwambie, na Fatu alimpigia.

"Nenda, hana hasira," Fatu akasema. "Ila Isihaka, lile la Sabiri. Nakuomba kwa jina la Mungu. Baba asilijue."

"Nitamwambiaje na mimi siwezi hata kumtazama?"

"Basi usimwambie."

Alimkuta mzee nyuma ya nyumba, ameketi kivulini anachonga gogo la mzinga mpya. Bi Rukaya alimpokea vizuri, bangili zimerudi mkononi, akaenda kuweka chai. Isihaka akaamkia, akakaa chini, akaanza hotuba yake ya kuomba radhi aliyokuwa ameipanga njia nzima. Mzee akamkatisha.

"Yameshapita hayo. Hizo sauti za watu unazo bado?"

"Sauti gani, mjomba?"

"Nasikia siku ile watu walitia sauti zao kwenye simu. Wakinililia. Mimi nilikuwa msituni sikusikia. Niwekee nisikie."

Jamani! Isihaka alitamani aseme amezifuta. Lakini alishachoka kusema visivyo kweli kwa mtu huyu, akatoa simu, akaziweka moja moja. Kila sauti ilikuwa inamchoma yeye. Kila kilio kile ni yeye aliyekisababisha. Mzee alikuwa ameacha kuchonga, ameinamisha sikio. Akasikia mwalimu wake wa madrasa wa zamani akimwombea. Akasikia mama mmoja aliyehamia Kilindi akisimulia namna Mhina alivyombeba mgongoni wakati wa mafuriko. Kisha akaja Semboja, jirani aliyegombania naye mpaka wa shamba miaka mingi, hawasalimiani, na Semboja alikuwa analia mpaka maneno hayatoki. "Mhina ndugu yangu," alisema kwenye ile sauti, "Mhina, tulikuwa tunagombania nini?"

"Semboja huyo?" mzee akauliza. "Semboja wa hapa?" Akacheka, akafuta macho kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile Isihaka akapumua.

Sauti zikaisha. Mzee alikuwa bado ameinamisha sikio.

"Nyingine?"

"Zimeisha, mjomba."

"Sabiri hakusema?"

Isihaka akatazama chini. Chembechembe za mti zilikuwa zimejaa miguuni pa mzee. "Hakutuma sauti. Nilimpigia mwenyewe."

"Akasemaje?"

Angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema hakumbuki. Lakini alimtazama yule mzee aliyemlea, akakumbuka maneno ya Fatu, na zaidi ya yote akataka, basi tu, ampe kitu kizuri kimoja baada ya ubaya wote ule. Akasema, "Alilia, mjomba. Alilia sana."

"Sabiri?"

"Sabiri. Akasema anakuja sasa hivi. Akapanda basi."

"Alipanda basi?" Mzee akanyoosha mgongo, akaiweka kofia sawa.

"Alipanda. Alikuwa ameshafika Chalinze."

"Chalinze!" mzee akasema. "Chalinze si mbali." Alitabasamu, yule mtu aliyekataa kutabasamu kwenye picha, na Isihaka akaona ulimi wake angalau mara moja umefanya kazi njema. Mzee akarudia tena, "Chalinze si mbali hata kidogo. Sasa mbona hakufika?"

"Nilimpigia, mjomba. Nikamwambia ni makosa yangu, wewe ni mzima."

"Ehe."

"Basi akashuka, akapanda la kurudi."

Mzee akainama. Akaliokota shoka lake dogo la kuchongea, akalitazama makali, akaliweka chini tena.

"Alikuwa anakuja kunizika," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Ameshafika Chalinze."

"Ndiyo."

"Akaambiwa baba yako mzima."

Isihaka ndipo alipokiona alichokifanya. Akafungua mdomo aseme si hivyo, si kweli, hakupanda basi lolote. Na kweli yenyewe ikamjia, akaiona ni mbaya kuliko uongo, akaufunga mdomo. Akatikisa kichwa kukubali.

"Akageuza," mzee akasema.

Bi Rukaya alikuja na chai, akaiweka, akawatazama, akarudi ndani bila kuuliza. Mzee hakuigusa. Isihaka alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, uso unamwaka, hajui aiweke wapi.

"Niwekee tena yule Semboja," mzee akasema.

Akamwekea.